Mlango wa Pampu ya Dawa

Jumatatu, 3 Machi

Tik. Kimya. Tik. Kimya. Ndivyo pampu ya dawa inavyogonga siku zote, polepole, kama mtu anayewaza. Leo asubuhi nilikuwa nimesimama kando yake, na mlio ukabadilika. Tik-tik-tik-tik! Hakuna aliyeigusa. Nimeshinda na mlio huo kichwani. Nimekula nao, nimepanda nao ngazi, sasa naandika nao.

Pampu hiyo ndiyo inayotia klorini kwenye maji kabla hayajaenda mjini. Ikitia kidogo, watu wanaharisha. Ikitia nyingi, wanaungua koo. Mama Zamu – kiongozi wa zamu ya asubuhi, mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi – aliruka kuliko nilivyodhani anaweza, akazungusha swichi, pampu ikawa ya kuendeshwa kwa mkono. Akafunga na valvu. Maji yale hayakutoka nje ya tangi. Namshukuru Mungu, namshukuru na yeye.

Kisha akanigeukia: "Bi Kufuli, umegusa nini wewe?" (Ndivyo wanavyoniita kazini. Wanadhani sijui.) Mimi niguse! Mikono yangu ilikuwa mifukoni.

Mhandisi wa mitambo alikuja anatafuna kijiti cha meno. Akasema umeme unacheza. Nikamwonyesha kioo cha kompyuta: kipimo cha dawa kilikuwa kimefutwa na kuandikwa kingine, mara tano yake. Nikamuuliza, umeme siku hizi umejifunza kuandika tarakimu? Akacheka. Mimi sikucheka.

Mtu aliingia. Ipo njia ya kuendesha mtambo ukiwa mbali, kwa intaneti na neno la siri. Mimi nauita mlango wa nje. Nimeulalamikia tangu nilipoajiriwa kuwa mkuu wa usalama wa mifumo. Mkuu wa ofisi isiyo na dirisha wala msaidizi! Na bado niko kwenye majaribio. Uthibitisho wa kazi unasainiwa mwisho wa mwezi huu, na anayesaini ni Mkurugenzi.

Jumanne, 4 Machi

Nimejua neno la siri lilivyotoka. Sijui nilie au nicheke.

Waendesha mitambo wote wanatumia neno moja. Hilo nililijua, nimelipigia kelele sana. Nisilolijua: wameliandika juu kabisa kwenye kundi lao la WhatsApp, pale penye maelezo ya kundi, ili anayeingia zamu asihangaike kuuliza. Na kundi hilo halitoi mtu. Aliyestaafu yumo. Aliyehamia kampuni nyingine yumo. Aliyefariki – yumo!

"Tumtoe vipi?" Mama Zamu akafoka. "Mtu mmefanya naye kazi ujana wake wote, halafu umtoe kama mlevi kwenye harusi? Una roho ya chuma wewe."

Nikamwambia marehemu hahitaji paswedi ya klorini.

Halafu, kama anayeongea na nafsi yake, akasema mwezi uliopita marehemu alituma dole gumba.

Nini?

Dole gumba. Mtu aliandika kwamba pampu imetengenezwa, na jina la marehemu likajibu kwa dole. Walidhani ni mjane wake ameshika simu. Watatu wakaandika "Amina". Mmoja akaandika "Tunakukumbuka, kaka."

Mama Zamu akampigia mjane palepale. Kumbe simu ilichukuliwa na mpwa wa marehemu baada ya mazishi, akaiuza kama ilivyo, laini ikiwa ndani. Kwa nani? Kwa mtu tu. Nikaipiga namba ile mwenyewe. Ikapokelewa! Nikasikia pumzi, na redio kwa mbali. Nikasema, "Haloo, ndugu." Akakata. Sasa haipatikani.

Ndugu! Nimemwita ndugu.

Jumatano, 5 Machi

Mkutano. Niandike upesi kabla hasira haijapoa. Ikipoa nitaanza kuwaonea huruma.

Nilimwomba Mkurugenzi jambo moja: tufunge mlango wa nje leo, pampu ziendeshwe kwa mkono, kila mwendesha mitambo apewe neno lake mwenyewe la siri, ndipo tufungue. Akasema haiwezekani kabla ya Ijumaa. Ijumaa wanakuja wageni, wafadhili pamoja na bodi, na yeye atasimama mbele yao na kishikwambi chake, awashe pampu kwa kidole. Kampuni iliyotengeneza programu ya kishikwambi hicho imelichimbia neno lile lile ndani yake. Neno likibadilika, au mlango ukifungwa, kidole hakiwashi kitu.

Kwa hiyo mji mzima unywe maji yenye mlango wazi, kwa ajili ya kidole kimoja.

"Binti yangu," akasema – huniita hivyo anapotaka nikubali – "siku mbili tu. Wewe ndiye mtaalamu. Sema hatari hii umeikubali hadi Ijumaa, iandikwe kwenye muhtasari, tuendelee."

Hapo ndipo penyewe. Katika kazi yetu hatari haiachwi ikielea hewani. Isipozibwa, lazima awepo mtu wa kusema: nimeiona, naibeba. Na huyo ni mwenye mamlaka ya kuiziba, si aliyeigundua. Nikamwambia hivyo hivyo. Nikasema mimi ndiye ninayepiga kelele kwamba nyumba inaungua, siwezi tena kuwa ndiye ninayeiruhusu iungue. Muhtasari uandike jina lako, mzee.

Mhandisi akaligeukia dirisha kana kwamba limewekwa leo.

Mkurugenzi akasema kazi yangu ni kumlinda, si kumtisha. Nikasema kazi yangu ni kulinda maji. Akasema nikumbuke anayesaini uthibitisho wangu. Kwa upole kabisa alisema, kama anayekukumbusha umesahau mwavuli.

Nikapendekeza wageni waonyeshwe video ya pampu. "Niwaite watu wazima niwaonyeshe sinema?" Basi.

Kwenye ngazi Mhandisi akaninong'oneza: "Mdogo wangu, ukweli wako hauna kasoro. Kasoro ni saa uliyokuja nao." Nikamuuliza saa ya ukweli inafika lini, nijiandae. Akasema ndiyo maana sina rafiki kazini. Ni kweli. Imeniuma zaidi kuliko ya mwavuli.

Muhtasari umetoka. "Hatari imekubaliwa." Na nani? Hausemi. Imekubaliwa tu, yenyewe, kama mvua inavyonyesha.

Alhamisi, 6 Machi

Ameingia tena! Mchana huu. Hakugusa kitu. Alifungua ukurasa wa pampu, akaenda wa matangi, akarudi wa pampu. Kama mtu anayezunguka nyumba ya watu akijaribu vitasa. Nimempelekea Mkurugenzi ujumbe. Amejibu: Tuonane Jumatatu.

Mama Zamu naye alikuwa na habari. Wamefungua kundi jipya, halina neno la siri lolote. Nikamuuliza, kwa hiyo marehemu mmemtoa?

"Hatukumtoa. Tumehama sisi. Yeye tumemwachia nyumba."

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Nyumbani nimemwambia Mama yote. Alikuwa jikoni, ndiyo kwanza amemaliza kuosha vyombo. Akasema mstahimilivu hula mbivu. Ninyamaze nithibitishwe kwanza, kisha niseme nitakavyo. Mdogo wangu wa kiume akadakia kutoka sebuleni: "Akinyamaza ataota vipele, Mama. Mimi nimelala naye chumba kimoja utotoni, namjua." Mama akamwambia afunge bakuli lake.

"Wakubwa hawafundishwi na watoto, mwanangu. Tia maji mdomoni."

Maji yapi, Mama? nikamuuliza. Haya haya?

Alikuwa ameshika glasi, amekwisha kunywa nusu. Akaitazama. Nikamweleza kwamba ya Jumatatu hayakutoka, Mama Zamu aliyawahi. Ya kesho sijui. Akamwaga yaliyobaki kwenye sinki, taratibu, akaipindua glasi. Habari ya kuthibitishwa hakuigusa tena.

Nimejiuliza kama hiki ni kiburi. Huenda. Kiburi na mimi tumekaa dawati moja tangu shule, tunafahamiana. Sitaki ushujaa. Nataka mshahara, nataka uthibitisho, nataka dirisha! Lakini mtu asinitumie kama kizibo, halafu chupa ikipasuka aseme kizibo ndicho kilichokubali.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi, koridoni, nje ya chumba cha mikutano. Nimeambiwa nisubiri.

Asubuhi, kabla ya wageni, niliingia chumba cha mitambo. Nikamwambia Mama Zamu na Mhandisi ninachokwenda kufanya, asije mtu akasema hakujua. Mama Zamu hakuuliza mara mbili. Akazitoa pampu zote kwenye kompyuta, akapanga watu wake, kila pampu na mtu wake, akawaambia atakayesinzia leo, yeye mwenyewe atamlaza moja kwa moja. Mhandisi akasema hajaniona na hayupo. Lakini tochi alinishikia! Nikachomoa waya wa mlango wa nje, nikafunga kabati, ufunguo nikautia mfukoni. Halafu nikamwandikia Mkurugenzi, nakala kwa mwenyekiti wa bodi: mlango nimeufunga, sababu ni hizi, na aliyefunga ni mimi. Jina langu kamili.

Hakusoma. Alikuwa anapokea wageni. Mwenyekiti naye alikuwa anapokewa.

Basi akasimama mbele yao na kishikwambi, akatabasamu, akabonyeza. Akabonyeza tena. Akacheka, akasema mtandao leo umeamkia upande mbaya. Wageni wakacheka kwa adabu. Akanitazama nimwokoe. Na ningeweza! Neno moja tu lilitosha: ndiyo, mtandao.

"Mtandao ni mzima," nikasema. "Mlango nimeufunga mimi."

Maneno yalitoka yamenyooka. Nikaeleza ya Jumatatu. Nikaeleza ya jana. Mjumbe mmoja wa bodi, mwanamke wa makamo, akauliza: nani alikubali uendelee kuwa wazi wiki nzima? Nilihesabu nyuso na kila uso ulikuwa unatazama viatu. Mkurugenzi akasema tafadhali, twendeni ndani.

Wameingia. Sauti yake naisikia, maneno siyapati.

Sasa hivi ametoka katibu wake. Mzee anataka ufunguo. Wageni hawawezi kuondoka bila kuona pampu ikiwaka, na nikikaidi, nisijisumbue kuja Jumatatu. Alisema akiangalia ukuta, maskini.

Sikuutoa. Nimemwambia atakayeufungua mlango huu aje mwenyewe auchukue mkononi mwangu, na aseme mbele ya bodi kwamba hatari ni yake.

"Jamani, dada," katibu akasema, "nikaseme hivyo hivyo?"

Hivyo hivyo. Usipunguze neno.

Amerudi ndani. Hajatoka mtu.