Anga Tupu Juu ya Kamanga

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Bibi yako hajambo, na mbuzi wako amezaa mapacha. Umeniuliza kwa nini tumbusi wameadimika huku Kamanga.

Nilipokuwa kijana, fisi aliua ndama wetu. Baba akaupaka mzoga sumu, ili fisi akirudi afe. Asubuhi nilipigwa na butwaa. Fisi hakurudi. Waliokufa ni tumbusi, wametapakaa bondeni, mmoja bado ana nyama mdomoni.

Baadaye ng'ombe wetu mmoja akapotea. Zamani ng'ombe akifia porini, tumbusi waliozunguka juu ndio waliotuonyesha alipo. Baba akapanda juu ya jiwe, akatazama angani mpaka shingo ikamuuma. Aliposhuka aliniuliza, "Sasa nani atatuonyesha?"

Babu yako