Sanduku la Vitabu vya Mama Yao

Mshauri mpendwa,

Chini ya kitanda ninachokuandikia nikiwa juu yake kuna sanduku la bati, na ndani yake, vimefungwa kwa shuka jeupe, mna vitabu vitano vya picha ambavyo wanangu wawili wanaamini vilitupwa miaka thelathini na tisa iliyopita baada ya kuharibiwa na mvua. Havikutupwa wala havikuharibika. Nilivificha mimi, baba yao, na naomba unisaidie kabla sijaondoka, kwa sababu daktari wa moyo ameacha kuniambia habari za miezi na sasa ananiambia habari za wiki, na mkono wangu, kama unavyoona, unaandika mistari inayopanda mlima.

Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa fundi wa kutengeneza vitabu vilivyochakaa katika maktaba, na marehemu mke wangu alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, na kwa kuwa hakuridhika na vitabu vya picha alivyovikuta shuleni aliamua kuchora vyake mwenyewe, kwa rangi za maji kwenye karatasi nene, yeye akichora na mimi nikishona kurasa na kupaka gundi, mpaka tukawa na vitabu sita: kuna mbuzi aliyekataa kuvua kofia, kuna kiatu kilichokwenda kumtafuta mwenzake, kuna sufuria iliyoogopa moto, na kuna kile kilichopendwa kuliko vyote, cha kuku aliyenunua mwavuli. Mke wangu alikuwa na sheria moja, kwamba hakuna kufunua ukurasa mpaka kila mmoja aseme anaona nini, na ni marufuku kurudia alichosema mwenzako, kwa hiyo kitabu cha kurasa kumi kilikula alasiri nzima. Binti yangu mkubwa alisema, "Naona kuku," akadhani amemaliza, lakini mdogo wake aliinamia picha mpaka pua ikagusa karatasi, akasema, "Naona mwavuli una kiraka kama suruali ya Baba," na mama yao akacheka mpaka akaweka brashi chini.

Mke wangu alifariki binti akiwa na miaka kumi na mmoja na mvulana saba. Vitabu vikaendelea kusomwa, na kwa kuwa vilisomwa sana vilianza kufumuka, na mimi nikawa navitengeneza nyumbani. Kitabu kikishapakwa gundi mgongoni sharti uweke kitu kizito juu yake mpaka kikauke. Kazini tulikuwa na vyuma maalumu, nyumbani nilikuwa na jiwe moja la mtoni, laini kama kipande cha sabuni, ambalo wanangu walikatazwa kuligusa, nao hawakuligusa.

Jumamosi moja, miezi mitatu baada ya msiba, mvulana wangu alikuwa uani na kitabu cha kuku asubuhi, mchana ikanyesha mvua kubwa, na jioni kitabu kikakutwa kwenye benchi la uani, kimelowa chapachapa, rangi zimechuruzika, jiwe lingali juu yake, na kuku hajulikani tena kama ni kuku au ni doa, hata mwavuli wake haukumfaa kitu. Nikamwuliza mwanangu mbele ya dada yake, "Nani ameacha kitabu cha mama yenu nje?" Akaniangalia, mtoto wa miaka saba, akasema, "Labda mimi, Baba." Basi nikamwambia kwamba kwa sababu yake vyote sita vimeharibika, kwamba vyote vilikuwa pale, nikavikusanya kwa siri vile vitano vizima nikaenda navyo maktaba, nikavifungia kwenye kabati la gundi na nyuzi.

Nilikusudia wiki moja, mshauri. Nilitaka ajifunze kutunza. Lakini wiki ile mchana, wenzangu wakienda kula, nilifungua kabati nikavitazama peke yangu, hakuna mtoto wa kunipakia mafuta ya vidole kwenye kurasa, na nikaona jinsi brashi ya mke wangu ilivyokuwa ikiinuka mwisho wa kila mstari, nikasema wiki moja zaidi. Nilipostaafu nikavileta nyumbani ndani ya sanduku na kuwaambia watoto kwamba ni vifaa vyangu vya kazi.

Dada yake alimwita "Mvua" tangu siku ile, kwanza kwa hasira, baadaye kwa mazoea, na jina likaganda. Leo mwanangu ana miaka arobaini na sita, ni fundi wa majokofu, na wateja wanamwita Fundi Mvua wakidhani ni kwa sababu majokofu anayotengeneza hayaachi kudondosha maji. Yeye hucheka pamoja nao. Hata mimi nimemwita hivyo.

Ningekaa kimya mpaka kaburini kama si mwezi uliopita. Mjukuu wangu, binti wa huyo huyo mwanangu, ana miaka sita, alikuja na kitabu cha picha alichoazimwa shuleni, na mimi nilikuwa nimelala chumbani, mlango wazi, nikawasikia.

"Baba, nisomee."

"Mpelekee shangazi yako."

"Shangazi yuko zamu hospitalini. Wewe upo."

"Mama, mimi na vitabu hatukai nyumba moja. Nikikishika tu kinaharibika, halafu mwalimu wako anifukuze shule mimi."

Alisema kwa mzaha, lakini mtoto hakucheka. Nilimwona kupitia mlangoni akikificha kitabu nyuma ya mgongo wake, baba yake asije akakigusa.

Sasa ninachouliza ni hiki. Nimefikiri niandike kikaratasi, nikiweke ndani ya sanduku, wavikute vitabu nikishazikwa, wasome, walie, yaishe. Nahofia kwamba nikisema sasa, siku zangu zilizobaki zitakuwa za kutazamwa vibaya na watu wanaonipa uji na dawa. Je, kikaratasi si njia ya upole zaidi kwa kila mtu?

Ni mimi,
Fundi Mstaafu

*

Mzee wangu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kwa kuwa umesema muda wako ni wa wiki, nakutumia jibu hili nyumbani kabla halijaingia gazetini. Ukiniruhusu nitalichapisha pamoja na chochote utakachoniandikia.

Nianze na kikaratasi chako. La. Upole huo ni wako wewe, si wa mwanao. Unataka afungue sanduku siku ambayo hawezi kukuuliza hata swali moja, nyumba imejaa wageni, dada yake amesimama pembeni. Ulimnyamazisha akiwa na miaka saba, na sasa unataka kumnyamazisha akiwa na arobaini na sita. Wanaokupa uji wataendelea kukupa uji. Na kama utatazamwa vibaya siku mbili tatu, tazamwa, mzee wangu. Yeye ametazamwa hivyo tangu utotoni.

Najua ulikuwa mjane mwenye watoto wawili na mikono miwili. Najua brashi ile inayoinuka mwisho wa mstari ndiyo iliyokuwa imebaki ya mkeo. Kukaa navyo wiki moja peke yako, nakuelewa, na pengine hata mwezi. Lakini vitabu vile havikuchorwa viangaliwe na mtu mmoja mwenye mikono misafi. Sheria ya mkeo ilihitaji zaidi ya mtu mmoja, maana ukiwa peke yako nani atakukataza kurudia alichosema mwenzako? Umetunza karatasi na kuua kile ambacho karatasi ilitengenezewa. Wewe fundi ndiye ulipaswa kulijua hilo kuliko sisi wote.

Sasa kuna jambo moja ambalo hukuniuliza, na ndilo limenifanya nisome mara tatu. Umenieleza kazi yako vizuri. Kitabu kikishapakwa gundi huwekewa kitu kizito juu mpaka kikauke. Nyumbani kitu hicho kilikuwa jiwe, na watoto hawakuligusa. Halafu unasema kitabu cha kuku kilikutwa kwenye benchi jiwe lingali juu yake. Mtoto anayesahau kitabu nje hakiwekei jiwe juu, mzee wangu. Sikuwepo, siwezi kukuhukumu. Lakini kama ninachokisia ni kweli, basi sanduku ni nusu tu ya siri yako, tena ni ile nusu nyepesi, na unataka nikusaidie kutoa nyepesi ili nzito izikwe nawe.

Fanya hivi. Mwite mwanao kwanza, peke yake, si pamoja na dada yake. Binti yako atapata zamu yake, naye ana jina la kufuta mdomoni mwake. Mwite kwa jina alilopewa na mama yake, sio hilo la mvua. Mpe vitabu mkononi kabla hujampa maelezo. Usilie mbele yake mpaka awe analazimika kukubembeleza, maana wazee tunajua sana kufanya hivyo. Na akikusamehe upesi, jihadhari, kwa sababu anaweza kuwa anakusamehe kosa dogo. Usiupokee msamaha mpaka umemwambia yote. Jumamosi hii, mzee wangu. Usingoje nyingine.

*

Mshauri,

Chapisha. Hiki ndicho kilichotokea.

Alikuja Jumamosi asubuhi, mikono bado inanuka gesi ya majokofu, na mjukuu akamfuata kwa sababu hakuna awezaye kumzuia. Nilimwita kwa jina lake. Akasimama mlangoni. "Baba, unaumwa sana leo?" akaniuliza. "Maana jina hilo nalisikia nikiwa kwenye foleni ya ofisini tu."

Nikamwambia avute sanduku. Akalivuta, akafungua, akafunua shuka. Cha juu kilikuwa cha mbuzi. Hakukigusa. Alikwenda kunawa mikono. Akarudi, akajifuta kwenye shati, akarudi tena kunawa, na mtoto akamwambia, "Baba, mikono imeshatakata, acha kumaliza maji ya Babu."

Akaketi sakafuni, mtoto mapajani. Nikaanza kueleza wiki moja iliyogeuka miaka, naye hakuinua uso. Mjukuu akataka kufunua ukurasa, na baba yake, bila kufikiri, akamzuia kwa kidole kimoja.

"Hatufunui bado. Unaona nini?"

"Naona mbuzi."

"Haya. Mimi naona..." Akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. "Mimi naona kofia ina kamba ya kiatu cha Babu."

"Na wewe Babu?"

Nilikuwa nimetazama picha ile mamia ya mara pale kwenye kabati la gundi, na sikuwahi kuiona kamba ya kiatu. Nikasema naona mtu aliyeketi sakafuni. Mjukuu akasema hairuhusiwi, si ndani ya picha. Wakacheka wote wawili.

Walimaliza kitabu. Mwanangu akakifunga, akakipangusa jalada kwa kiganja, kisha akaniambia maneno ambayo ulinionya juu yake. "Baba, yaishe. Ulikuwa na msiba. Na kwa kweli mimi ndiye niliyeharibu kile cha kuku. Ulikuwa na haki ya kuvificha vingine."

Ningeweza kunyamaza hapo, mshauri. Alikuwa ananishika mguu juu ya blanketi, na mtoto alikuwa ameshachukua cha kiatu. Lakini nikamwambia kwamba Jumamosi ile asubuhi alinirudishia kitabu cha kuku mkononi, akaniambia, "Baba, mgongo unafumuka," na nikamshukuru kwa kuniambia mapema. Kwamba nilikipaka gundi, nikakiweka nje benchini kipate upepo, nikaenda kulala kwa sababu siku zile nilikuwa nalala mchana ili nisiione nyumba. Na kwamba jioni, nilipotoka uani na kuliona jiwe, nilijua papo hapo, kabla sijafungua mdomo kumwuliza yeye chochote.

"Jiwe niliweka mimi," nikamwambia. "Kitabu cha mama yako nilikisahau mimi kwenye mvua."