Stima za Kule Mochari

Alhamisi, 1999

Hasira hainipi usingizi. Mgao wa stima umefika hata mochari, na Baba yumo humo akimngoja kaka yangu arudi kutoka ng'ambo. Kwetu mzee hazikwi kabla kifungua mimba wake hajamwona uso. Leo mhudumu wa pale amenivuta kando. "Dada, mkimchukua, msifungue sanduku."

Jioni, watu wa matanga wakiwa wamejaa hapa mtaani Mbotela gizani, redio ya betri ikasema eti serikali inawazia kampuni ya stima za nyuklia. Mjomba akaizima. "Taa ya choo imewashinda, nyuklia wataiweza?"

Mama sijamwambia ya mhudumu. Nitaanzaje?

Stima zimerudi sasa hivi, mtaa mzima ukashangilia. Mama akainua kichwa. "Na kule alikolala baba yenu, zimerudi?"