Akai Lokwang, Mwenye Daftari la Kiharusi: Mwaka Mmoja

Mwaka umezunguka, Akai, tangu ututoke. Familia imempa kalamu kaka yako Ebenyo, dereva mstaafu wa lori, naye ameapa kwa jua la Lodwar kwamba kila neno hapa ni kweli tupu. Tunajua unacheka. Cheka tu.

Miaka ishirini na miwili ulifagia wodi hospitalini. Shule hukuingia, kuandika ulijifundisha kwa kunakili majina ya wagonjwa vitandani. Ukanunua daftari, ukaanza kuandika kila mtu wa mtaani kwetu aliyepigwa na kiharusi: jina, saa alipoanguka, saa alipofika hospitali, na mwishoni neno moja. Amepona, au hayupo.

Mwaka wa kwanza uliandika watu sita. Aliyepona ni mmoja. Watu wakasema wamerogwa. "Hakuna aliyerogwa hapa," ulimwambia chifu mbele ya baraza. "Wamecheleweshwa."

Maana kosa lilikuwa letu. Mtu akipinda mdomo tulimlaza kivulini, tukangoja wazee wakusanyike, mbuzi achinjwe, utumbo usomwe, ndipo tujue kama aende hospitali au asiende. Hadi hapo jua limeshazama, na mtu naye.

Mjomba alipoanguka kule Lorugum, wazee walikataa aondoke kabla ya utumbo kusomwa. Hukubishana nao. Ulimpakia mjomba kwenye pikapu, ukampakia mbuzi, ukawapakia na wazee. "Someni njiani!" Ebenyo ndiye aliyeshika usukani, na anaapa mbuzi alichinjwa gari likienda mia na ishirini, utumbo ukasema mjomba atapona, ukasema pia tairi la nyuma litapasuka. Tairi likapasuka. Mjomba leo anatembea kwa fimbo na bado anagombania nyama ya mgongo.

Kurasa za mwisho zinatisha. Mwaka juzi ni watu kumi na wanne, wengine hawajafika miaka arobaini. Chumvi, ulisema, tumbaku, na presha isiyopimwa. Zamani ilikuwa ya wazee, siku hizi inabebwa na vijana wa bodaboda. Lakini kati ya hao kumi na wanne, kumi walipona. Ulitutupia hesabu hiyo usoni: kinapiga wengi kuliko zamani, kinaondoka na wachache kuliko zamani. Kwa sababu siku hizi mtu akipinda mdomo, mtaa mzima unapiga kelele, "Gari! Gari!"

Nawe kikakupiga, miaka saba iliyopita, ukiteka maji. Saa moja baadaye ulikuwa umelala kwenye wodi uliyoifagia. Mkono wa kushoto ulikufa, wa kulia ukaomba daftari, ukaandika "Akai. Amepona," kabla daktari hajasema lolote.

Ukaishi. Ulipanda basi kwenda Kakuma, mashine ya presha kwapani, ukawapima watu kanisani pamoja na Céline, dada wa Kikongo uliyemfundisha kazi hiyo. Ebenyo anaapa ulimpima hata ngamia, na ngamia alikuwa na presha nzuri kuliko chifu.

Kiharusi kiliporudi mwaka jana, wengine walinong'ona matangani kwamba mwishowe kilikushinda. Tunawajibu hapa hadharani: hapana. Kilikujia mara mbili, na katikati ulikinyang'anya miaka sita.

Wiki moja kabla hujaondoka ulimshika Ebenyo sikio kama mtoto. "Presha ya baba ilikuja kwangu. Kwako pia iko. Utapimwa kila mwezi, uandike kwenye daftari langu. Ukikosa mwezi mmoja, kopo lako la tumbaku ni la Céline, alitupe chooni." Akaapa. Na kwenye tangazo hili alikuwa ameandika: "Ebenyo hajakosa hata mwezi mmoja."

Jumapili Céline alikuja Lodwar kulisoma kabla halijatolewa.

"Ejok, Papa Ebenyo," akamsalimu kwa Kiturkana, akafungua daftari. "Miezi kumi na mbili. Mia na ishirini kwa themanini, kila mwezi?"

"Mimi ni mtu wa msimamo, dada."

"Na mwezi wa tatu? Mashine ilikuwa kwangu Kakuma mwezi muzima. Ulijipima na nini?"

"Dereva wa zamani... anasikia tu injini yake."

Mwanao Ruben alicheka hadi akakaa chini.

"Lete mkono, Papa."

Mkono ukaletwa. Mashine ikavimba, ikalia, ikaonyesha mia na themanini na nne kwa mia na sita. Ruben akaacha kucheka.

Ebenyo aliitazama namba ile. Kisha akatoa kopo la tumbaku mfukoni, akampa Céline. Akazifuta namba zake kumi na mbili, mstari kwa mstari, akaandika ile ya kweli. Asubuhi yake Ruben alimpeleka kliniki. Sasa anameza dawa, ananung'unika, anameza tena.

Kwa hiyo, Akai, uongo katika tangazo hili ulikuwa mmoja, na umelipwa. Ule wa ngamia ni kweli.

Ni sisi wako: kaka yako Ebenyo, mwanao Ruben, mjomba wa Lorugum, na Céline wa Kakuma, ambaye damu si yako lakini daftari sasa ni lake.

Hatujakusahau leo, hatutakusahau kamwe. Na kwenye ukurasa unaofuata wa waliopigwa na kiharusi, jina la Ebenyo halitaandikwa.