Mbula Hakukuita Dada

Ipuli, Tabora

Mwanangu Masanja,

Nani amekutukana wewe? Nauliza kwa sababu barua yako imefura hasira mwanzo mpaka mwisho, na nilipoitafuta shikamoo ndani yake sikuiona. Mtu mzima mwenye ndevu, unamlalamikia mama yako kwamba mtoto hana adabu, na shikamoo yenyewe umeisahau! Haya, marahaba. Nimeitikia, isije ikasemwa kosa ni langu.

Mimi sijambo. Goti la kushoto linanisumbua asubuhi, jua likipanda linaniachia. Ninyi je? Kifua cha Mama Mbula kimetulia? Mvua imefika huko Ziba au mnatazama mawingu tu? Hapa ilianza vizuri ikakata, na mahindi yangu ya nyuma ya nyumba yamenyong'onyea kama wagonjwa.

Sasa tuje kwenye lililokuchoma. Unasema Mbula alikuandikia barua, ukampa mwinjilisti Yohana akusomee pale kwenye ghala la pamba, watu wote wakisikiliza, naye akaanza kwa sauti yake ya kanisani: "Dada yangu mpendwa, shikamoo." Watu wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo wanakuita Dada Masanja, na mmoja amekuuliza kanga zako umeanika wapi. Sikufichi, nami nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikafika pale unaposema shule imemfanya mwanao mpumbavu, nimpandishe lori la pamba arudi huko aolewe. Hapo kicheko kikaniishia.

Na wewe Yohana unayeisoma hii, usijikohoze, umo. Mtoto anamwandikia mzazi wake, anamuulizia mama yake na kuku wake, wewe unasoma "dada" bila kujiuliza. Masanja yule amekuwa dada wa nani?

Ile barua uliyonirudishia kama ushahidi niliichukua, nikamwita Mbula.

"Hapa umeandika nini?"

"Baba, Bibi."

"Weka kidole usome."

Akaweka kidole, akasoma, "Baba yangu mpendwa." Hakusita hata kidogo. Masanja, kisomo changu ni kile cha darasa la ubatizo, nasoma kama mtu anayechambua mchele, lakini hata mimi niliona zile herufi zimegeuka, tumbo limekaa upande usio wake. Yeye haoni. Hata jina lake anaandika Mdula, na wenzake darasani ndivyo wanavyomwita. Alinieleza huku akichezea pindo la gauni, halafu akauliza, "Baba amekasirika sana?" Nikamwambia baba yako ana njaa tu.

Mpumbavu, umesema. Juzi mama mmoja wa Isikizya alileta sokoni karanga za watu watatu katika gunia moja, kila mtu na pishi zake na vibaba vyake. Nyingine zikauzwa, zikabaki nyingine, na haijulikani nani achukue kiasi gani. Wanaume walichora mistari mchangani, wakafuta, wakashikana mashati. Mbula alikuwa amekaa anajikuna mguu. Akataja fungu la kila mtu, akaendelea kujikuna. Walipima, ikawa vile vile. Katika ukoo wetu nani amewahi kufanya hivyo? Wewe ulikuwa unahesabu mbuzi kwa kuwashika masikio.

Mwalimu wake, Agnesi, naye anashangaa. Alinijia hapa nyumbani akasema, "Bibi, huyu nikimuuliza kwa mdomo ni wa kwanza. Nikimpa karatasi ni wa mwisho. Sijui nimweke wapi." Nikamjibu, mweke hapo hapo alipo, sisi tutafute mlango.

Mlango tuliupata uani. Nilimkalisha Mbula uso ukitazama kwetu, kaskazini. Nikamwambia, mkono wako wa kulia ni pwani, alikokwenda baba yangu mimi na pembe za ndovu begani. Wa kushoto ni Ujiji. Haya, herufi ya baba, tumbo lake linaelekea wapi?

Akatazama sana. "Pwani."

"Na ya dada?"

"Ujiji." Halafu akacheka peke yake, akajipiga paja. "Kumbe Bibi, nilimpeleka baba Ujiji!"

Nikamjibu, ulimpeleka, mama, na amerudi na hasira.

Shuleni mambo yakaharibika tena, kwa sababu ubao uko upande mwingine na pwani yake ikahama. Mwalimu Agnesi hakubishana. Akaligeuza dawati la Mbula peke yake lielekee kaskazini, na yaliyo ubaoni anamsomea kwa sauti. Watoto wa mjini wakapata la kusema: "Mbula ana kibla chake!" Naye akawajibu, "Ninyi swalini kwenu, mimi naandika." Nimempenda hapo.

Sikudanganyi kwamba yamekwisha. Imla bado inamtoa jasho, na mstari mmoja wa kuandika unamchosha kuliko ndoo ya maji. Mwalimu anasema huenda itakuwa hivyo miaka yote. Basi itakuwa hivyo, atakwenda polepole. Lakini mtihani wa darasa la nne uko mbele yake, na akiupita ataendelea na shule ya kati. Ukimtoa sasa, kichwa kile kitakwenda kupepeta uwele kwa mtu asiyejua hata ameoa nini. Mimi nikiwa hai, sitaki.

Nisalimie Mama Mbula, mkwe wangu, mwambie ahifadhi kuku wa mtoto. Nisalimie shangazi yako mwenye mguu mbovu, na mdogo wako mchunga ng'ombe, aache kulala juani. Mimi ni yule yule aliyekuzaa na bado ana nguvu za kupanda lori,

Mama yako, Nyamizi.

Masanja, hilo lori lije na pamba, lirudi tupu. Barua hii isomwe pale pale ghalani, mbele ya wale wale waliocheka. Kisha Yohana achukue kalamu kabla watu hawajatawanyika, mwandike jibu, na lije kwa Mbula, siyo kwangu. Lianze: "Binti yangu Mbula, ni mimi baba yako." Hilo neno baba aliandike kubwa, na matumbo yote mawili yaelekee pwani.