Usiseme ni Baridi

Nyololo

Shemeji Eveline,

Mimi na mwanangu Severina tupo. Huku mvua haijakata, mbao tunapakia mbichi, nzito kama jiwe. Barua hii nimempa Mama Sarah akuletee Iyunga mkononi, maana simu yako anaishika Philbert.

Mwaka ule mlipoenda hospitali Dar kumtafuta Amosi, uliambiwa mbegu ni ya mtu asiyejulikana. Ilikuwa ya kwangu. Mdogo wangu Philbert aliniomba, nikakubali. Kasirika, lakini soma mpaka mwisho.

Daktari aliniuliza kama kwetu kuna ugonjwa wa ukoo. Nikasema hakuna. Sikudanganya. Severina alikuwa anavimba vidole, analia mifupa, sisi tukasema ni baridi ya Mufindi. Marehemu mama yake alikuwa anamchua na mafuta. Juzi kapimwa, ni siko seli. Na mimi ninayo kwenye damu, ila siumwi. Mtoto anaugua akirithi kwa baba na kwa mama, wote wawili.

Nilimwambia Philbert. Akajibu, "Kaka, mtoto anacheza vizuri, usimpe ugonjwa kwa mdomo." Sasa nasikia mwezi ujao mnarudi kutafuta wa pili, kwa mbegu ileile.

Usiende kabla hujapimwa damu. Amosi naye apimwe. Akivimba mikono, usiseme ni baridi. Sisi tulisema hivyo miaka sita.

Baba yake ni Philbert. Mimi sidai kitu.

Ni mimi, baba mkubwa wa Amosi,
Nashoni