Uunsi wa Mke Mwenzangu

Garissa, Ijumaa usiku, 1966

Na bado harufu haijatoka! Nimepunga leso mpaka mkono umechoka, wapi.

Leo ilikuwa zamu yangu. Mume wetu Abdi alifika kabla ya kafyu, maana jua likishazama askari hawamwachi mtu kuvuka mtaa. Nilikuwa nimeoga, nimefukiza udi wangu wa kwetu Lamu.

Akatoa kifurushi. "Hawa kaniagiza nikuletee uunsi. Anasema utakuburudisha."

Uunsi! Ule ubani wa sukari wa Wasomali, anaojifukiza mke mwenzangu Hawa usiku wa zamu yake ili mume ajue anangojewa. Ndio aniletee mimi?

Tangu nitolewe kizazi Nairobi kwa sababu ya saratani, Abdi akija kwangu hulala mkekani, ati asiniumize. Daktari alinieleza habari za kidonda. Habari za kitanda hakuzigusa, nami niliona haya kuuliza. Sasa Hawa ananihurumia. Yeye mwenye kizazi, na mume juu yake.

Abdi akautia makaani mwenyewe. Nikaumwagia maji, chumba kikajaa moshi.

"Unataka nini, Maryam?"

"Utoke mkekani."

Nilisema hivyo hivyo, bila haya. Abdi akapanda kitandani, akaniomba nimwonyeshe panapouma ili mkono wake auweke pengine.

Naandika nimeketi kando yake. Amelala, mkono wake uko gotini pangu.

Ananukia Hawa mwili mzima. Simwamshi.